Nani Amekutuma?

Sikumpenda, naye hakunipenda, na kwa miaka kumi na moja hakuna kati yetu aliyeona sababu ya kubadilisha mpango huo. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani naanza sifa za marehemu. Hajafa. Yuko Gungu, miguu imemvimba, redio iko sikioni, na akisikia nimemwandika atasema nimeongeza chumvi, kisha ataomba kalamu aipunguze.

Mji ulimwita Mshauri. Alikuwa mwanasaikolojia. Kazi yake ilikuwa kukaa na watu waliobakwa au kudhalilishwa, wengi wao watoto na wanawake, na siku ambazo hakukaa nao alikwenda shuleni na mialoni, boti za wavuvi zinakotia nanga, kufundisha namna ya kuzuia mambo hayo yasitokee. Vijana wa bodaboda walimwita Mama Usiniguse. Mimi aliniita Mwandishi, kwa sauti ambayo watu wengine huitumia kusema "mwizi."

Kati yetu kulikuwa na binti mmoja na sentensi moja. Binti alikuwa wa jirani yangu pale Ujiji. Sentensi ilikuwa yangu. Kwa sababu ya sentensi hiyo binti hakusikilizwa, na kwa miaka yote hiyo Mshauri alitaka kitu kimoja tu kutoka kwangu: niifute kwa mdomo wangu mwenyewe. Nitaeleza. Mtu wa makala hufika kwenye aibu yake bila kukosea, ila huzunguka kidogo kwanza.

Alikuwa na tabia mbaya ya kutojibu salamu mpaka amalize alilokuwa analifikiria. Unampa shikamoo katikati ya soko la Mwanga, anakutazama kama unamuuzia kitu kibovu, anachagua nyanya zake, analipa, ndipo anasema "marahaba," wakati wewe umeshafika kwenye mchele. Hakuwa na muda wa utani, lakini utani ulimfuata.

"Mama Usiniguse! Panda nikupeleke!" vijana walimpigia kelele pale stendi ya pikipiki.

"Gusa breki kwanza nione kama zipo."

Wakacheka, naye akapanda pikipiki ya yule aliyemkebehi, na njia nzima akamfokea juu ya mwendo.

Watu walidhani mwanasaikolojia ni mtu mpole. Huyu alisikiliza mpira redioni na kumtukana refa kwa maneno ambayo asingeruhusu mtoto ayasikie hata kwa bahati mbaya. Aliogopa ziwa; miaka yote aliyoishi Kigoma hakuwahi kukanyaga boti. Aliwafundisha watu kusikiliza mpaka mwisho, na mimi hakuwahi kuniacha nimalize sentensi. Katika hilo la mwisho, nakiri, alikuwa na sababu.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya kituo kimoja cha afya, jirani na tangi la maji. Kilikuwa na viti vitatu. Kimoja kilikuwa karibu na mlango, na hicho kilikuwa cha aliyekuja kwake. "Mtu aliyewahi kufungiwa mlango simketishi mbali na mlango," alisema. Cha pili kilikuwa chake, dirishani. Cha tatu kilikuwa kigoda cha mguu mmoja mfupi, chini ya kalenda, na alikiweka kwa ajili ya askari, wajomba wa familia, na mimi. Nilikikalia mara nne. Mara zote nne niliondoka na maumivu ya kiuno, na sidhani kwamba mguu ule ulishindikana kutengenezwa.

Alikuwa haulizi. Hilo lilinishangaza, maana nilisoma chuo kikuu na nilijua wanasaikolojia huuliza. Aliletewa mtoto, akamkaribisha kiti cha mlangoni, akavuta ungo wa mchicha, akaanza kuchambua. Hakumtazama. Saa nzima ikapita hivyo. Mama wa binti yule alinisimulia kwamba mara nne walikwenda na mara nne mtoto hakutoa neno. Mara ya tano mtoto akasogeza kiti, akachukua fungu la mchicha, akaanza kuchambua naye. Mara ya sita akasema.

Nililigeuza hilo kuwa kichekesho barazani. Serikali inamlipa mtu achambue mboga, nilisema. Wazee wa kahawa walicheka. Mimi ni hodari wa kuchekesha watu walioketi.

Lakini kilichowachukiza zaidi kilikuwa somo lake la shuleni. Kwetu mtoto apitaye njiani ni miguu ya kila mtu. Mtu mzima yeyote aliyeketi barazani ana haki ya kumwita mtoto yeyote: wee, njoo nikutume. Mpelekee fulani hiki, niletee kile. Mtoto anayekataa hana adabu, na waliomzaa hawana adabu, na jambo linafika msikitini au kanisani kabla mtoto hajafika nyumbani. Sisi sote tulikua hivyo, na tulijivunia.

Mshauri akaingia madarasani akawafundisha watoto sentensi moja: "Nakwenda kumwambia mama kwanza." Ukitumwa nyumba ya mtu, sema hivyo. Ukifika kwenye nyumba hiyo, simama nje uite. Usiingie, hata ukikaribishwa. Akawafanyisha mazoezi kwa sauti, darasa zima, kama wanaimba jedwali la kuzidisha. Na yeye mwenyewe kila alipokutana na mtoto amebeba kitu, alimsimamisha. "Nani amekutuma? Nyumbani wanajua?" Mtoto akijibu hawajui, alimshika mkono wakarudi wote wawili mpaka kwa aliyemtuma.

"Jana nimemtuma mjukuu wa jirani kashata," mzee mmoja alilalamika kwenye kahawa. "Kashata tu! Ananiambia anakwenda kumwambia mama kwanza. Mimi na meno haya mawili nitamfanya nini?"

"Ndiyo usomi huo, mzee wangu," akajibu mwenzake. "Kesho utamwita mkeo, atakwambia ngoja niende kwa mjumbe."

"Huyo mama hana watoto?"

"Angepata wapi, nani amguse?"

Nilicheka kuliko wote. Nikaenda nyumbani nikaandika makala nzima juu ya kufa kwa adabu Ujiji. Ilikuwa makala nzuri. Niliyajua nisiyoyaandika: kwamba somo lile alilitunga baada ya kilichompata binti wa jirani yangu, na kwamba mtu aliyemtuma binti siku ile nilikuwa mimi.

Basi nimefika.

Siku ile gazeti lilikuwa limetoa maandishi yangu, ukurasa wa tisa, juu ya ukarimu wa watu wa Ujiji. Nilinunua nakala tatu. Moja niliiweka, ya pili niliisoma mpaka wino ukahamia vidoleni, ya tatu nilitaka isomwe na muuza nyavu mmoja mwenye duka kule mwaloni Katonga, mtu wa heshima zake, ambaye nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu. Aliwahi kunisifu. Nilitaka anisifu tena. Binti alikuwa akipita na ndoo tupu. Alikuwa na miaka kumi na tatu.

"Njoo nikutume," nikamwambia. "Mpelekee mzee gazeti hili. Mwambie ukurasa wa tisa."

Aliiweka ndoo kwenye ngazi yangu, akapokea gazeti kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akaenda. Ndoo ikakaa pale mpaka karibu na magharibi, mama yake alipokuja kuniuliza kama nimemwona mtoto.

"Atakuwa anacheza," nikasema, na nikaendelea kusoma.

Kilichompata ndani ya nyumba ile amekisema mwenyewe kwa mama yake na kwa Mshauri, na si changu kukisimulia. Walikwenda hospitali, wakaenda polisi. Muuza nyavu akasema binti alijipeleka, kwamba alikuwa na mazoea ya kuja kuombaomba, kwamba hakuna gazeti lililofika kwake. Binti akasema alitumwa, akanitaja. Askari akaja kuniuliza. Ningeweza kujibu kwa maneno matatu. Nikajibu kwamba sikumbuki vizuri, kwa kuwa huwatuma watoto wengi.

Nilijiambia namlinda kila mtu. Ukweli ni kwamba nilisikia tayari mji ukisema: amempeleka yeye. Nikaona jina langu, lile la ukurasa wa tisa, likitamkwa pamoja na la mtu yule.

Baada ya hapo zikafuata taratibu zetu. Baba wakubwa wa binti na ndugu wa muuza nyavu wakaketi kikao wayamalize nyumbani. Familia ya binti ingepewa cherehani mpya, ili mtoto ajifunze ushonaji, na kesi ingeondolewa. Walihitaji mtu wa kuandika hati kwa Kiswahili kilichonyooka. Unaweza kukisia walimwita nani.

Niliandika: "Binti alifika nyumbani hapo kwa matembezi yake mwenyewe, na yaliyotokea yalikuwa ya bahati mbaya." Nilijua wakati naiandika kwamba ni sentensi iliyopangika. Nililiona hilo, na nikafurahi kidogo. Mpaka leo ni furaha hiyo inayonichefua kuliko sentensi yenyewe.

Mama wa binti alikuwa amesimama mlangoni, pindo la kitenge liko mdomoni. Alikulia vijijini, Kiswahili chake kina Kiha ndani yake, na hakuwa msemaji. Alisema neno moja tu.

"Msomi, andika na gazeti."

"Nyamaza, mama," shemeji yake akamwambia. "Hapa wanaandika wanaume."

Nikamtazama. Yeye alijua, maana aliikuta ndoo ngazini kwangu. Kisha nikatazama karatasi, nikaweka nukta.

Hati ikapelekwa polisi, mama akabanwa na ukoo mpaka akakubali, faili likalala. Binti akapelekwa Kasulu kwa shangazi yake. Cherehani likakaa kwenye kona ya nyumba yao, limefunikwa kitambaa, halikuguswa.

Mshauri alikuja kwangu kesho yake baada ya kikao. Hakuketi.

"Mwandishi, ulimtuma au hukumtuma?"

"Mama, jambo hili lina pande nyingi, na kumbukumbu ya binadamu—"

"Nimeuliza moja."

Nikampa mhadhara. Nilimweleza namna akili inavyojaza mapengo. Nilikuwa nimeyasoma, na nilimwambia yeye, mwanasaikolojia. Alinisikiliza labda dakika mbili, muda mrefu kuliko wote aliowahi kunipa.

"Ukimaliza chuo kikuu," akasema, "niko chumbani kwangu."

Hakunipeleka popote, hakunisema kwa jina. Alifanya kitu kibaya zaidi. Alinakili sentensi yangu kwenye daftari lake, na akaisoma katika kila semina aliyoendesha, kwa wenyeviti wa mitaa, kwa walimu, kwa askari. Moja nilihudhuria mwenyewe, ukumbini Mwanga. Nilialikwa kama mtu mwenye ushawishi katika jamii, na nilikwenda kwa sababu nilisikia chakula cha mchana ni mgebuka, samaki wa ziwa letu. Akasimama mbele akaisoma polepole.

"Mnaisikia ilivyo tamu?" akawauliza. "Haina mtu ndani. Hakuna aliyetuma, hakuna aliyefanya. Kuna matembezi na kuna bahati. Hivi ndivyo mtoto anavyoachwa peke yake na watu waliosoma."

Mwenyekiti wa mtaa mmoja, jirani yangu mezani, akaninong'oneza: "Hiyo lugha kama yako vile." Mgebuka wangu nilimwachia yeye.

Na cherehani. Mwaka ule ule mama wa binti alimwomba Mshauri amsaidie kulirudisha, kwa kuwa shemeji zake wasingekubali. Mshauri akakodi mkokoteni, akalifunga kamba, akatembea nyuma yake mchana kweupe, mama yuko kando yake, hadi Katonga, katikati ya wanunuzi wa dagaa. Akasimama mbele ya duka la nyavu. "Mzigo wako," akasema, kwa sauti ile ya kumfokea refa. Hakueleza zaidi. Watu wa mwaloni wana akili; walielezana wenyewe.

Katonga walimchukia kwa jambo jingine pia. Alikwenda pale asubuhi boti zinapoingia, akasimama juu ya kreti, akazungumza na wanawake wanaonunua dagaa, mbele ya wenye boti.

"Mama, hapa tunauza samaki," mmoja akamkatiza. "Siasa peleka mjini."

"Na yule mnayemwambia asubiri mpaka wenzake waondoke ndiyo mumpe samaki, huyo mnamuuzia nini?"

Wanawake wakaanza kununua watatu watatu, na mmoja asipouziwa hawanunui wote. Mpaka leo wanafanya hivyo. Wenye boti bado wanamtukana, jambo ambalo nadhani linampa usingizi mzuri.

Ingekuwa rahisi kama angekuwa mkali tu. Mama yangu mzazi alipougua ugonjwa wake wa mwisho, Mshauri alikuja kila alasiri kwa wiki mbili, akakaa naye, akamkata kucha, akamsomea matokeo ya mpira. Alipita mbele yangu kama ninavyopita mbele ya kabati. Siku moja nilisimama mlangoni nikamshukuru. "Nimekuja kwa mama yako," akasema. Mama aliniuliza baadaye nimemkosea nini mwanamke yule. Nikamwambia ni mambo ya kazi. Mama alifariki akiamini kwamba mwanawe ana wivu na watu waliosoma. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa jibu.

Siku nyingine aliniambia jambo ambalo nimelibeba. Nilikuwa nimemfuata chumbani kumshambulia, niko kwenye kigoda. Nikasema yeye anawafanya watoto wetu waishi na aibu kwa kuyafukua mambo.

"Mimi sina dawa ya aibu," akasema, mikono iko kwenye mchicha. "Ninachofanya ni kumwonyesha mtoto kwamba siyo yake. Shida ni kwamba mwenyewe haji kuichukua."

"Mwenyewe muuza nyavu?"

"Huyo ni wa polisi. Nakusema wewe."

Mwaka huu, mvua za masika zilipoisha, nilipata ujumbe kwenye simu. "Kesho saa nne asubuhi. Kwangu. Uje na kalamu." Hakuweka jina wala salamu. Alikuwa amestaafu, na hatukuwa tumezungumza kwa muda mrefu. Nilikwenda. Nilivaa shati zuri, sijui kwa nini.

Sebule yake ina viti vinne vya mbao na meza. Nikachukua kilichokuwa karibu na mlango.

"Hicho si chako."

Nikahamia ukutani. Redio ilikuwa imezimwa. Ndipo akaingia kutoka uani mwanamke wa miaka ishirini na nne, mikono ina maji, akaketi kwenye kile kiti. Nilimjua kwa macho ya mama yake. Alikuwa amerudi kutoka Kasulu na kufungua kibanda cha mawese sokoni Mwanga; nilikuwa nimeshapita mbele yake, pengine mara nyingi.

"Shikamoo," akasema. Alinipa shikamoo. Nikaitikia.

Hakuzunguka. Ana mtoto wa kike wa miaka sita, ameanza darasa la kwanza. Wiki iliyopita alikwenda kwenye mkutano wa wazazi. Muuza nyavu amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Aliwasalimia watoto mmoja mmoja, akawapapasa vichwa. Mwanamke huyu alimchukua mwanawe akaondoka, na asubuhi yake akaenda polisi, dawati la jinsia na watoto, akaomba faili lake lifufuliwe. Askari wa sasa, mwanamke, alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia faili lipo, lakini ndani yake kuna hati inayosema alijipeleka, na kuna shahidi mmoja ambaye hakumbuki.

"Sikuja kuombwa msamaha wala kukusamehe," akasema. "Nataka kujua kama sasa unakumbuka."

"Nakumbuka," nikasema.

"Basi andika," akasema Mshauri. "Kabla hujapata mawazo."

Nikaandika. Mungu anisamehe, niliandika ukurasa mzima. Niliweka hali ya hewa ya siku ile. Niliweka ujana wangu, ambao haukuwepo, na shinikizo la jamii, na majuto yangu yenye mikondo kama ya ziwa. Mshauri akavaa miwani, akasoma, akanyoosha mkono nimpe kalamu. Akakata hali ya hewa. Akakata jamii. Kwenye majuto alisimama kidogo, nikadhani yatapona. Akayakata kwa mstari mmoja mrefu. Akanirudishia karatasi. Katika maandishi yangu yote, huu ndio uhariri ambao sikuweza kuupinga. Yalibaki haya: "Nilimtuma mimi. Hakujipeleka. Nilimpa gazeti alipeleke kwa mtu huyo. Hati niliiandika mimi, nikijua si kweli."

Mwanamke akaisoma akiwa amesimama, ameishika mbali kidogo na uso.

"Uliniambia nimwambie ukurasa wa ngapi?"

"Wa tisa."

"Nilimwambia," akasema. "Nilisimama pale nikamwambia ukurasa wa tisa. Miaka yote wananiuliza kama gazeti nililiota." Akaniwekea karatasi mezani. "Andika na ukurasa."

Nikaandika.

"Nakili upya, pasafi," akasema Mshauri. "Kule polisi wataandika maelezo yako wao, na watakuuliza nani amekutuma. Utasema nini?"

"Kwamba hakuna."

"Nenda basi. Mimi miguu hainipeleki." Akawasha redio. Hakunipa chai, hakuniaga, na nilipofika mlangoni nikageuka kumwambia neno, alikuwa ameshaanza kubishana na mtangazaji.

Mwanamke hakutaka pikipiki. Tulikwenda kwa miguu kuteremka kuelekea kituoni, yeye mbele, mimi nyuma hatua kama tano, kwa kuwa aliniambia nisitembee sambamba naye. Watu wa Gungu walitutazama. Baadhi wakanisalimia, "Msomi, wapi leo?" Sikuwa na mkono wa kuwapungia. Karatasi nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili.